Majani ya Mwembe Juu ya Ukoka: Majibu ya Barua za Kiangazi

Kipupwe kikishaingia Tabora, barua zinazotufikia huwa na swali moja lenye sura nyingi: majani yanapukutika, uwanja umefunikwa, tufanye nini? Tumezikusanya na kuzijibu pamoja. Ila tuelewane kwanza kuhusu neno moja. Kwetu "majani" ni ya juu mtini na pia ni ya chini uwanjani, na barua mbili tulizisoma mara tatu kabla ya kujua mwandishi analalamikia yapi. Humu majani ni yale yaliyodondoka kutoka mtini. Yanayoota chini tutayaita ukoka au nyasi.

Swali: Nina uwanja wa ukoka wa hatua kumi kwa kumi na mbili, na miembe miwili ya zamani. Mama anataka majani yafagiwe kila asubuhi na kuchomwa. Mimi nilisikia yakiachwa yanakuwa mbolea, nikayaacha mwaka jana. Mvua zilipoanza Novemba ukoka ukafa mabaka mabaka. Nani alikuwa na haki? *Msomaji, Isevya*

Jibu: Kila mmoja ana haki nusu. Kilichowaponza ni tarehe.

Kuanzia Juni hadi Oktoba ukoka usiomwagiliwa umelala. Juu umekauka, lakini vifundo na mizizi viko hai vikisubiri maji. Majani makavu yaliyotawanyika juu yake wakati huo hayaunyimi chochote. Tena yanaukinga na jua la Septemba na Oktoba, ambalo kwenye udongo wetu wa kichanga hunyonya unyevu haraka sana. Mambo hugeuka siku ya mvua ya kwanza. Jani la mwembe ni pana, gumu, lina nta. Likilowa hulala bapa, likagandana na mwenzake, na chini yake hakuna mwanga wala hewa. Siku hizohizo ndipo ukoka unaamka na kutoa machipukizi. Yanakutana na giza na unyevunyevu, yanageuka njano, ukungu unayamaliza. Mabaka uliyoyaona yalikuwa pale majani yalipolala mazito zaidi.

Kwa hiyo weka alama kwenye kalenda: ikifika katikati ya Oktoba, uwanja uwe mweupe au majani yawe yamekatwakatwa. Usingoje mawingu. Kabla ya hapo kipimo ni macho. Simama wima, tazama chini. Ukiuona ukoka kwa nusu au zaidi kati ya majani, yaache. Ukiona majani matupu, punguza. Kama unamwagilia kiangazi chote hesabu ni nyingine, maana ukoka wako haujalala: punguza kila wiki.

Katika njia za kupunguza, sisi tunapendelea kukatakata, kwa sababu chakula kinabaki palepale. Mwenye mashine ya kukata nyasi aipandishe hadi kimo cha sentimeta sita au saba, atoe kikapu cha kukusanyia, apite juu ya majani mara mbili, safari ya pili akikatisha mistari ya kwanza. Vipande vikiwa vidogo kama ukucha wa kidole gumba vitateremka katikati ya nyasi hadi kwenye udongo, na mvua zikija vijidudu na minyoo watavimalizia. Majani yasizidi kina cha sentimeta tano; yakizidi mashine inakabwa na kuacha mafungu ambayo hayajakatika. Yawe makavu kabisa, maana yenye umande hujibandika chini ya mashine. Na kabla ya kuwasha, pitisha reki kwanza: chini ya majani ya Agosti zimejificha kokwa za maembe ya Desemba. Kokwa ikigongwa na kisu hukipinda au huruka kama jiwe. Mashine ikiziba, izime na uchomoe waya wa plagi kabla ya kuingiza mkono. Kisu kinaweza kuzunguka kwa kusukumwa tu na kidole, na injini ikajiwasha.

Asiye na mashine ayapure kama anavyopura maharage. Yaanike juani siku mbili, jaza kiroba nusu, funga mdomo, piga kwa mpini mchana wa saa nane yakiwa yamekauka. Kiroba kilichojaa hakipuriki, majani hukosa nafasi ya kuvunjika. Yaliyopurwa rudisha uwanjani unene usiozidi sentimeta moja. Yanayobaki ni ya mboji, ambayo tunaieleza kwenye barua inayofuata.

Kuhusu kuchoma, tunamwomba mama kwa heshima atuelewe. Moto hurusha hewani karibu naitrojeni yote iliyokuwamo kwenye majani, na hiyo ndiyo inayoupa ukoka rangi ya kijani. Kinachobaki ni majivu yenye potasiamu na kalisi, navyo upepo wa kiangazi huvipeperusha. Joto la moto wa ardhini huua vifundo vya ukoka pamoja na mizizi midogo ya mwembe, ambayo haiko mbali na uso wa udongo. Moto ukiwashwa jirani na shina, gome hupasuka upande mmoja na wadudu huingilia hapohapo. Moshi nao unaishia vifuani mwa watoto na majirani. Ikiwa mmekwisha kuwa na majivu, konzi moja kwa mita moja ya mraba kwa mwaka inatosha.

Swali: Wanangu, nilichimba shimo nikajaza majani ya mwembe tangu Juni ya mwaka jana. Nimefukua juzi, yako vilevile, mengine yana unga mweupe. Nimekosea wapi? *Mama wa Cheyo*

Jibu: Shikamoo mama. Hujakosea sana. Umeweka kimoja kati ya vitu vitatu vinavyotakiwa. Majani yapo, bado maji na kitu chenye naitrojeni.

Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji kaboni kama chakula cha nguvu na naitrojeni ili kujenga miili yao. Chakula kinachowafaa kina kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu moja. Majani makavu ya miti mara nyingi hufika 50 na kuendelea, kwa hiyo vijidudu wanakaa na wali bila mboga. Samadi ya ng'ombe iko karibu 20, ya kuku karibu 10. Ukivichanganya wastani unakaa sawa. Unga mweupe ni ukungu unaopenda majani makavu. Ni dalili ya ukosefu wa maji.

Lifanye upya hivi. Shimo liwe na urefu wa mita moja na nusu, upana mita moja, kina sentimeta sitini. Kiangazi shimo ni bora kuliko lundo la juu kwa sababu linatunza unyevu. Masika ni kinyume: shimo linajaa maji, kwa hiyo hamia juu ya ardhi. Majani yapure au yapitishe mashine kwanza. Jani zima la mwembe maji huteleza juu ya nta yake. Lililovunjika maji na vijidudu huingilia kwenye mipasuko, na huoza kwa muda mfupi zaidi. Ukiweza yaloweke usiku kucha kwenye pipa.

Chini kabisa weka vijiti vya unene wa kidole ili hewa ipite. Kisha majani sentimeta ishirini, ukiyakanyaga kidogo tu. Juu yake ndoo nne za lita 20 za samadi ya ng'ombe, au ndoo mbili za samadi ya kuku, zitandazwe hadi pembeni. Nyunyiza konzi chache za udongo wa juu kutoka chini ya mti, mbegu ya vijidudu hiyo. Mwagilia ndoo mbili hadi tatu. Rudia hadi tabaka ziwe nne. Lundo litapanda juu ya ardhi kama sentimeta arobaini, na baada ya wiki mbili litakuwa limeshuka. Funika kwa turubai au nyasi kavu zenye udongo juu. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kabisa, maana tunajua Septemba maji ni ya kuhesabu. Ya sabuni nyingi yaache.

Asiye na samadi atumie majani ya karanga yaliyobaki baada ya kuvuna, majani mabichi ya lukina au glirisidia (miti ya jamii ya kunde), au nyasi mbichi zilizokatwa, kipimo kikiwa nusu ya ujazo wa majani makavu. Majani ya karanga watu wengi wa kwetu huyaacha shambani yakapotea, nasi tunasikitika kila mwaka kuona hivyo.

Choma kijiti kirefu katikati ya lundo. Siku ya nne kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, kazi inaendelea. Ndani inaweza kufika nyuzi 55 hadi 65. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikiwa na unyevu lakini baridi, naitrojeni haitoshi. Kikinuka kama yai viza, maji yamezidi na hewa imekosekana: pindua, changanya majani makavu. Kipimo cha maji ni ngumi: kamua konzi ya mchanganyiko, yatoke matone mawili au matatu, yasitiririke. Pindua kila wiki ya tatu, ya nje yakiingia ndani. Baada ya miezi mitatu hadi minne utakuwa na mboji nyeusi inayonukia udongo wa mvua. Ichekeche na utandaze nusu sentimeta juu ya ukoka mvua zikishashika. Vipande vilivyobaki juu ya chekeche virudi kwenye lundo jipya.

Swali: Nikiweka majani chini ya miti kama matandazo, mchwa wanafika kabla ya wiki kwisha. Nimeshauriwa nimwage oili chafu. Inafaa? *Msomaji, Ipuli*

Jibu: Hapana, tafadhali usimwage. Oili chafu huua uhai wa udongo, mahali hapo hapataota kitu kwa muda mrefu, na mwenye kisima jirani atainywa siku moja.

Mchwa hawakuletwa na majani. Wako chini ya uwanja wako siku zote, matandazo yamewaita juu tu. Wanapenda pakavu, penye kivuli na pasipobughudhiwa, basi waondolee hayo matatu. Matandazo yawe ya unene wa sentimeta tatu hadi tano wakati wa kiangazi, yasifike kumi. Yawe majani matupu, vijiti na maganda ya miti vitoke. Acha nafasi ya sentimeta kumi na tano kuzunguka shina na nusu mita kutoka ukutani. Vuruga kwa reki kila wiki. Lundo la mboji liwe mita tatu au zaidi kutoka nyumbani. Likiwa na unyevu na likipinduliwa kwa wakati, mchwa hawalipendi.

Kwenye ukoka wenyewe tungewaacha. Jani wanalolivuta chini linakwenda kurutubisha udongo, na vinjia wanavyochimba hupitisha maji ya mvua. Pa kuwa mkali ni kwenye nguzo, milango na miche michanga. Mche uliopandwa karibuni usiuwekee matandazo makavu kabisa hadi mvua zishike, na usiuache upate kiu, kwa kuwa mche wenye kiu ndio hushambuliwa kwanza. Ukiona njia za udongo zinapanda ukutani, hapo suala limetoka bustanini. Zikwangue, angalia kama zinajengwa tena, na zikijengwa mwite mtu anayejua kazi ya mchwa wa nyumba.

Swali: Nilifukia majani makavu ya mwembe kwenye tuta, wiki iliyofuata nikasia mchicha. Umetoka mdogo, wa njano. Jirani anasema majani yametia udongo asidi. Je, nikiyaweka kwenye ukoka nao utakuwa hivyo? *Msomaji, Gongoni*

Jibu: Asidi haihusiki. Majani yakishaoza vizuri huelekea katikati, si makali upande wowote. Kilichotokea ni njaa ya naitrojeni. Vijidudu vilivyoanza kuyala majani uliyoyafukia vimeikopa naitrojeni iliyokuwa kwenye udongo, na mchicha ukakuta mezani hamna kitu. Deni hilo hulipwa, lakini baada ya miezi, majani yakishaoza.

Kuokoa mchicha uliopo, yeyusha kijiko kimoja cha chakula cha urea katika lita 10 za maji, mwagilia mita moja ya mraba, kisha pitisha maji matupu juu ya majani ya mchicha ili yasiungue. Ndani ya wiki utaona rangi inarudi. Siku nyingine usiyafukie kabla hayajaoza, yatandaze juu. Yakiwa juu, yanagusana na udongo kwenye uso tu na mkopo unakuwa mdogo. Ndiyo maana safu nyembamba iliyokatwakatwa haiudhuru ukoka. Ukiona ukoka umefifia baada ya safu nzito, dawa ni ileile ya urea, ila ungoje mvua.

Swali: Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na tunafagia uwanja kila asubuhi mpaka udongo mtupu. Sasa mizizi ya mwembe imetoka nje kama mishipa, na mvua inasukuma majani yote kwenye mtaro wa jirani. *Msomaji, Bangwe, Kigoma*

Jibu: Fagio ndilo lililoichimbua mizizi hiyo, likisaidiwa na mvua. Kila asubuhi huondoka udongo kiasi kidogo sana, usioonekana kwa macho, na vifuniko vilivyokuwa vikipokea matone ya mvua huondoka nao. Tone likianguka kwenye udongo mtupu huurusha. Kwenye mteremko unaorushwa hauanguki palepale, huanguka chini kidogo. Rudia hivyo miaka kumi.

Tunajua uwanja usiofagiwa unavyosemwa mtaani, na aibu hiyo mara nyingi humwangukia mama au binti wa nyumba. Kwa hiyo usiache kufagia. Gawa uwanja. Njia, mbele ya mlango na mahali pa kuketi pafagiwe kama kawaida. Chini ya mwembe zungushia tofali za kuchoma, duara lenye nusu kipenyo cha mita moja na nusu au zaidi, na majani yote ya mti huo yaingie humo. Kilichozungushiwa tofali mtu akipita anaona bustani, haoni uvivu.

Mizizi iliyo wazi usiifunike kwa toroli kumi za udongo siku moja, itakosa hewa. Weka mboji au udongo mwepesi sentimeta mbili au tatu, juu yake majani sentimeta tano. Mwaka unaofuata ongeza tena. Kwa majani yanayokimbilia mtaroni, panda mstari wa mchaichai kukata mteremko, nje ya kivuli cha mti, shina hadi shina sentimeta ishirini. Pasua shina kuu, punguza majani yake hadi kiganja kimoja, panda mvua zikianza. Msimu wa pili mstari utakuwa umefungana, na majani na udongo vitasimama nyuma yake. Msimu huu wa kwanza laza magogo au matawi manene palepale ulipopanda mstari.

Swali: Mbali na mwembe tuna msaji, mkungu, krismasi na mikaratusi. Yote ni sawa? *Msomaji, Kiloleni*

Jibu: Si sawa. Krismasi, ule mti wa maua mekundu, ina vijani vidogo vinavyopenya kwenye ukoka vyenyewe, viache. Hivyohivyo vijani vya miyombo na vya mwarobaini. Msaji hubaki mtupu kiangazi, na jani lake moja linaweza kufika nusu mita, kwa hiyo matatu tu yanatosha kuua kipande cha ukoka. Yaokote kwa mkono hata kabla ya Oktoba. Mkungu nao una majani mapana, hugeuka mekundu kabla ya kuanguka, nayo hukatika vizuri mashineni. Ya mkaratusi yatenge. Mafuta yake huzuia mbegu kuota na kuchelewesha kuoza. Yanafaa kutandazwa kwenye njia za kupitia, au kwenye lundo la peke yake la mwaka mzima.

Swali: Huku Urambo tuna mabaki mengi ya tumbaku. Naweza kuyachanganya na majani ya miti kwenye mboji ya bustani? *Msomaji, Urambo*

Jibu: Kwa ukoka na miti, ndiyo. Kwa bustani yenye nyanya, pilipili, biringanya au nyanya chungu, tunakataa kabisa. Tumbaku ni ndugu wa mimea hiyo, na virusi vya batobato ya tumbaku hukaa kwenye jani lililokauka kwa miaka mingi vikiwa hai. Joto la lundo la nyuzi 60 au 65 haliviui. Huenezwa kwa kugusa, hivyo anayetoka kuchambua tumbaku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche ya nyanya. Mboji yenye tumbaku iwekee lundo lake, na beleshi lake likiwezekana.

Swali: Mwanangu yuko Minnesota, Marekani. Anasema huko majani hukusanywa Oktoba na Novemba kwa mashine ya kupuliza, na anataka kunitumia moja. Niipokee? *Mzee, Chemchem*

Jibu: Shikamoo mzee. Nia ya kijana ni njema, lakini huko na huku majani huanguka kwa sababu mbili tofauti. Marekani ya kaskazini siku zinafupika, baridi inakuja, na miti kama mepo (maple) na mialoni hujivua yote katika wiki chache. Wanakimbizana na theluji: majani mazito yakifunikwa na theluji, ukoka huoza chini yake hadi majira ya machipuko. Huku miti inajivua kuokoa maji. Wao tarehe ya mwisho wanapangiwa na theluji, wewe unapangiwa na mvua. Nao mwembe haujivui wote. Unaachia majani ya zamani kidogo kidogo kwa miezi, ndiyo maana unaona hakuishi.

Kitu kimoja cha huko kinafaa hapa bila kubadilishwa. Chuo Kikuu cha Michigan State kilifanya majaribio ya miaka mingi ya kusaga majani juu ya ukoka badala ya kuyakusanya, na ukoka haukudhurika. Hata magugu yalipungua. Ndiyo kazi tuliyomweleza msomaji wa Isevya.

Mashine ya kupuliza tungemwomba asiitume. Kwenye kichanga kikavu cha Tabora itainua vumbi jingi kuliko majani, ipeleke kwa jirani, na iondoe udongo wa juu uleule unaoutaka. Kama anataka kutuma kitu, atume reki ya meno mengi membamba yanayonesa, ile ya umbo la feni. Reki ya chuma yenye meno mazito ni ya kusawazisha matuta, na juu ya ukoka hung'oa vifundo.

Swali: Chini ya mwembe wangu ukoka hauoti hata nikiondoa kila jani. *Msomaji, Malolo*

Jibu: Hapo majani hayana kosa. Ukoka mwembamba unahitaji jua la muda wa saa sita au zaidi kwa siku, na mwembe wenye kivuli kizito hautoi hata mbili, mbali na kunyonya maji yote. Punguza matawi ya chini hadi kimo cha mita mbili na nusu baada ya kuvuna, Februari au Machi, upande nyasi za jani pana zinazostahimili kivuli. Zikishindwa nazo, acha kushindana na mti. Zungushia tofali kama tulivyosema hapo juu.

Swali: Paa letu liko chini ya mwembe. Maji ya mvua za kwanza tunayokinga kwenye tangi hutoka na rangi ya chai na harufu. *Msomaji, Kanyenye*

Jibu: Rangi ni ya majani yaliyolala kwenye bati na mfereji miezi mitano, pamoja na kinyesi cha ndege. Katikati ya Oktoba panda kwa ngazi iliyoshikwa na mtu, toa majani yote kwa mkono uliovaa glovu (nge hupenda kukaa humo), kisha suuza mfereji kwa ndoo mbili ukiangalia kama maji yanatoka mdomoni. Rudia wiki moja baada ya mvua kuanza, kwa kuwa upepo wa mvua za kwanza huangusha majani mengi kuliko Septemba nzima. Mdomo wa bomba uwekee wavu wa matundu ya karibu nusu sentimeta. Wavu wa mbu huziba kwa majani mawili tu na maji yakamwagika ukutani. Matawi yanayolala juu ya bati yakate.

Mvua ya kwanza usiielekeze kwenye tangi. Mwaga nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa. Paa la mita kumi kwa kumi ni lita hamsini, ndoo mbili na nusu. Tenganisha bomba kwenye kiungo chake, weka ndoo, zikijaa rudisha bomba. Mvua ikikatika kwa wiki mbili au zaidi, fanya hivyo tena. Maji hayo ya rangi ya chai yapeleke kwenye shimo la mboji.